Jiwe la Kumi na Mbili

Mjukuu wangu huja kunitembelea hapa Ilembo na simu mkononi, na ndani ya simu kuna gemu. Anapanga vitu vya rangi, vinalipuka, simu inampigia makofi. Majuzi aliinua macho akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Bibi, nyie zamani mlikuwa mnacheza gemu gani?" Nikamwambia mdako. Akasema, "Aaa, ule wa mawe," akarudi kwenye simu yake.

Ule wa mawe! Nilikasirika, nakiri. Kwa umri wangu sipaswi kumnunia mtoto wa darasa la nne kwa sababu ya kokoto, lakini ndivyo nilivyo. Tena hasira yenyewe haikuanzia kwake. Tangu nikiwa mdogo nasikia wanaume wakisifia mpira na bao. Mpira una uwanja, una kombe, una mtangazaji wa redio anayepayuka mpaka sauti inamkauka. Bao nalo lina heshima yake, na bingwa wa bao akifa watu husimulia msibani jinsi alivyokuwa akiwafunga wenzake. Mdako hauna hata benchi. Nimezika wanawake waliokuwa na mikono ya ajabu, na hakuna hata mmoja aliyesimama kaburini akasema marehemu alikuwa akiushika mdako tangu asubuhi, wenzake wanakaa wanasubiri zamu mpaka wanasinzia.

Kwa asiyeujua, mambo ni haya. Unachimba kishimo ardhini, upana wa bakuli la uji. Unatia kokoto, sisi tulikuwa na kumi na mbili. Mkononi unabaki na jiwe moja kubwa kidogo, la kurusha. Unalirusha juu, na kabla halijashuka unakomba kokoto zote kutoka shimoni, halafu unalidaka. Unalirusha tena, safari hii unazirudisha kokoto shimoni zote isipokuwa moja, unadaka. Ile moja umeila. Unaendelea hivyo mpaka shimo linabaki tupu. Raundi ya pili unakula mbilimbili, ya tatu tatutatu, kisha nnenne, kisha sitasita. Ukilikosa jiwe la juu, au ukiacha nje kokoto zaidi ya zinazotakiwa, umeungua, unampisha mwenzako. Jicho liko juu, mkono uko chini, na vidole vinahesabu vyenyewe bila kuonwa. Anayesema huo ni mchezo wa watoto na ajaribu.

Mimi nilifundishwa na dada yangu, kule Kakese, miaka ya sabini ikiwa katikati. Alikuwa amenizidi miaka tisa. Mama alikuwa mtu wa shamba kuanzia jua linapotoka, kwa hiyo aliyenilea hasa, aliyeniogesha na kunisuka na kunichapa, ni dada. Jioni, vyombo vikishaoshwa, tulikaa nyuma ya jiko yeye na mimi na shimo letu. Zile kokoto alikuwa ameziokota mtoni hata kabla sijazaliwa. Zilikuwa nyeupe, na kwa kushikwa miaka yote ile zilikuwa zimelainika kabisa. Nilizijua moja moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ndogo kuliko zote, ina upande mmoja bapa, na ilipenda kujificha chini ya wenzake ukaungua kwa ajili yake. Dada aliipenda kwa ukorofi huo huo.

Kisha akatokea yule utingo.

Alikuwa kijana wa Usevya, anafanya kazi kwenye lori lililokuja kubeba mpunga wa kijiji chetu. Mwaka wa kwanza alipakia magunia akaondoka. Mwaka wa pili alipakia magunia, akaomba maji ya kunywa kwetu, akanywa polepole mno. Mwaka wa tatu ikaletwa barua ya posa, na dada akawa anaimba wakati wa kutwanga. Nilimwuliza Usevya ni wapi. Akaniambia ni mbele ya Sitalike, unavuka pori lote la wanyama, halafu unaendelea. Nilimwuliza atarudi lini. Akacheka, akaniambia mtu haendi kuolewa akarudi.

Hapo ndipo niliposhikwa na kichaa. Sikulia wala sikugoma kula. Nilikaa nikafikiri jinsi ya kuwazuia watu wa Usevya wasimchukue, na nilikuwa na miaka tisa tu.

Sasa lazima nieleze habari ya wali. Kwetu, wageni wa upande wa mume wanapokuja mara ya kwanza, wali wao hupikwa na msichana mwenyewe. Anautwanga mpunga mwenyewe, anaupeta, anauchambua, anapika, anapakua. Mkono mwingine haugusi. Na mpunga wetu ulipigwa juu ya uwanja wa udongo, kwa hiyo mawe hayakuwa jambo la bahati mbaya, yalikuwemo tu, na kazi ya msichana ilikuwa kuyaona yote. Wanawake wa upande wa pili hukaa mkekani wakala pole pole, na kila mtu mle ndani anajua wanachokisikilizia. Jiwe moja likilia kwenye jino la mgeni, habari inasafiri haraka kuliko lori: yule binti ni mvivu, au haoni, au kwao hawajali. Nilikuwa nimesikia habari za msichana mmoja wa kijiji cha pili ambaye wageni wake walinawa mikono wakaaga, na mazungumzo yakaishia hapo.

Dada aliuchambua ule mchele siku mbili. Aliusambaza kwenye ungo karibu na mlango penye mwanga, akaupitia, akaugeuza, akaupitia tena. Mpaka macho yakamwasha. Nilikuwa nimekaa pembeni yake namwangalia, na kokoto zetu kumi na mbili zikiwa zimefungwa kwenye pindo la gauni langu, maana wageni wakija shimo la mdako lilifukiwa na uwanja ukafagiliwa.

Siku yenyewe waliwasili mchana. Walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja, shangazi yake yule kijana, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Wanaume wakapewa viti nje kivulini. Yeye akaingizwa ndani kwa mama.

Jikoni wali ulikuwa unakauka maji. Dada akaenda kwenye mafiga ya nje kuchota makaa ya kupalia juu ya kifuniko. Nikabaki na sufuria. Sikuwa nimepanga, nasema kweli, au labda nilikuwa nimepanga bila kujiambia. Mkono ulifungua pindo, ukatoa kokoto iliyotangulia kuja, na iliyotangulia ilikuwa ile ya kumi na mbili. Nikainua kifuniko nikaisukumia ndani ya wali. Mvuke uliniunguza kidole. Dada aliporudi na makaa alinikuta nakinyonya, akaniambia, "Umeanza ulafi? Subiri wageni wale kwanza, mdogo wangu." Akanipapasa kichwa kwa mkono usio na makaa.

Nilitaka kumwambia palepale. Bado nakumbuka jinsi maneno yalivyofika mdomoni. Lakini nilifikiri: watalikuta, watakasirika, wataondoka, na jioni tutachimba shimo upya.

Sinia la wanawake liliwekwa mkekani. Mama, shangazi yule, dada akiwa amepiga magoti pembeni na birika la kunawia, na mimi mlangoni. Shangazi alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. Akaanza kusifia. Alikuwa anasema, "Wali huu, mkwe wangu, umeu..." na hapo ndipo iliposikika. Siwezi kuiandika sauti ile. Hata nje wanaume waliisikia.

Akaweka kiganja mdomoni akatema. Palikuwa na vitu viwili kiganjani: kokoto yetu, na kipande cha jino la mbele.

Mama akafumba macho. Dada hakumtazama mtu, alitazama mikono yake, ile iliyochambua siku mbili. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, kwa sababu sikuwa nimefikiria uso wa dada. Katika mipango yangu yote nilikuwa nimewaona wageni wakiondoka, sikumwona dada akibaki.

Yule shangazi mkavu hakupiga kelele. Aliifuta kokoto kwa kanga yake, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaisugua kwa kidole gumba. Akaisugua tena.

"Hili siyo jiwe la mchele," akasema.

Mama akafumbua macho.

"Jiwe la mchele lina makali, na lina rangi ya uwanja. Hili limeshikwa. Limeshikwa miaka." Akatuangalia mmoja mmoja. "Nani humu ndani anacheza mdako?"

Dada alikuwa ameshaitambua. Nilimwona anaitambua, nikamwona anageuza macho kidogo tu kuelekea kwangu, kisha anayarudisha chini. Kosa la msichana mkubwa, mchumba wa mtu, kucheza mawe karibu na mchele wa wageni, lilikuwa baya kuliko kosa la kutoona jiwe. Alijua hivyo. Akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Ni langu, shangazi. Naomba unisamehe."

Mimi nikapasuka.

"Siyo lake! Nimeweka mimi! Yeye alienda kuchukua makaa, mimi nikaweka. Sitaki aende Usevya. Nani atacheza na mimi?" Nikalia kilio kile cha aibu, cha mdomo wazi, mpaka wanaume wakaja kuchungulia. Mama aliinuka, akachukua mwiko. Alikuwa na haki. Lakini shangazi akanyoosha mguu wake mrefu mlangoni, ukawa kizuizi, mama akashindwa kupita.

"Mwache kwanza," akasema. Kisha akaniuliza mimi, kama mtu anayefanya mazungumzo ya kawaida, "Mnachezea mangapi?"

"Kumi na mbili," nikasema kati ya kwikwi.

"Basi sasa yamebaki kumi na moja. Hili nimelilipia kwa jino langu, ni langu." Akalifunga kwenye ncha ya kanga. "Ukilitaka, utakuja kwangu Usevya. Tutacheza. Ukinishinda, utalichukua. Usiponishinda, utarudi tena."

Akamgeukia mama. "Mkwe wangu, kaa chini tule. Mimi nilitumwa kuangalia kama binti anajua kuchambua mchele. Anajua. Na nimeona jingine ambalo sikutumwa kuliangalia." Kisha akamwambia dada amwongezee wali. Akala upande mmoja wa mdomo, pole pole, mpaka sinia likaonekana chini. Sijawahi kumwona mtu akila kwa heshima kama ile.

Adhabu sikuikosa, msidhani. Msimu mzima nilichambua mchele wa nyumba nzima peke yangu, na wa arusi juu. Mama alinikalia pembeni akitaja jino la watu kila nilipoinua kichwa. Dada hakuniambia neno la ukali. Alichosema ni kwamba nimeichezea kokoto aliyoipenda, akanivuta sikio, akaniachia kumi na moja zote. Mwezi uliofuata alipanda lori na sanduku lake la bati, amevaa gauni alilovaa kanisani. Nililikimbilia lile lori mpaka mwisho wa mashamba. Nilichukia lori, nikamchukia utingo, nikamchukia hata padri aliyewafungisha.

Likizo ya Juni mwaka uliofuata shemeji alikuja kunichukua. Mama alisita, kisha akasema nina deni la kwenda kuomba radhi, akaniruhusu. Pale Sitalike dereva alisimama tukatazama viboko, lakini ninachokikumbuka zaidi ni mbung'o wa porini. Walituuma hata kupitia nguo, na shemeji alitumia njia nzima kunipepea kwa tawi la majani, yeye mwenyewe akiumwa. Ilinibidi nipunguze kumchukia, kidogo tu.

Usevya nilikuta dada amenenepa. Ana mimba, anacheka, anampigia kelele shangazi kuhusu chumvi na shangazi anampigia kelele yeye. Nilifurahi, na wakati huo huo roho iliniuma kwamba ameweza kucheka bila mimi. Watu hawasemi hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Alinikumbatia, akanusa nywele zangu, akasema mama hajui kunisuka. Akanisuka kabla usiku haujaingia.

Kesho yake shangazi alichimba shimo nyuma ya jiko, akapiga magoti, akafungua ncha ya kanga. Mimi nikafungua pindo. Kokoto zikawa kumi na mbili tena.

Alinichapa. Sina neno jingine. Sijui alikuwa na miaka mingapi, hamsini au zaidi, lakini mkono wake ulikomba shimo mara moja bila kuonekana, na jiwe la juu lilimsubiri. Hakunionea huruma hata kidogo. Nilipoungua alisema, "Umeungua," akacheka, na kila akicheka niliona lile pengo, nikashika adabu. Dada, ambaye sasa mikono yake ilikuwa kwenye unga muda wote, alituangalia akiwa mlangoni na kuniambia nisitazame shimo, nitazame juu.

Basi ikawa desturi. Kila Juni shemeji alinichukua, kila Juni nilishindwa. Huko nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi kwa kumi na moja, na mawe ya kuazima. Nilimwona mtoto wa kwanza wa dada akitambaa, kisha akitembea, kisha akitia kokoto mdomoni na shangazi akiitoa kwa kidole. Nikazoea sauti ya ile nyumba. Ilifika mahali mwezi wa tano ukianza, namsikiliza kila anayepita kama ana habari za lori.

Mwaka wa nne nilimshinda.

Nilishinda kihalali. Nilikula moja moja, mbilimbili, tatutatu, nnenne, na sitasita, bila kumpa zamu. Sikusikia hata kuku. Nilipodaka mara ya mwisho shangazi alikuwa bado amepiga magoti, kinywa wazi, pengo nje. Akaniangalia. Akaichukua ile kokoto ndogo ya upande bapa, akaisugua kwa kidole gumba kama siku ile ya kwanza, akaniwekea kiganjani akanifunga vidole.

"Haya," akasema. "Deni limeisha." Akaingia jikoni. Nilisikia anapuliza moto, muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

Usiku ule dada alinisuka kwa ajili ya safari. Nilikuwa na kokoto zangu kumi na mbili, zote, nilizozililia miaka minne, na sikuwa na raha. Nilijua ninachokifikiria lakini niliona haya kukisema. Dada alinyoosha mstari kichwani mwangu kwa kitana, akasema, "Sasa utakuja kufanya nini huku, bingwa?" Alikuwa anatania. Lakini mkono wake ulisimama kidogo kichwani, nikajua na yeye anauliza kweli.

Asubuhi lori lilipiga honi barabarani. Shangazi alikuwa ametoka nje kuwaambia watu wa lori waupishe mzigo wangu, dada anamvalisha mtoto. Nikakimbia jikoni. Mtungi wa mchele ulikuwa kwenye kona yake. Nikafungua pindo, na safari hii nilichagua kwa macho, nikatoa ile ya kumi na mbili, nikaisukuma ndani ya mchele mpaka kiwiko. Nikafunika, nikakimbilia lori.

Wiki tatu baadaye lile lori lilipita Kakese. Shemeji hakushuka hata kunywa maji, alikuwa na haraka. Aliegemea ubao wa bodi akapaza sauti mbele ya mama na majirani wote:

"Shangazi anasema amelikuta wakati anachambua, jino limepona! Anasema usisubiri Juni. Mvua ama jua, uje Desemba ulifuate!"

Mama aliniangalia, akaniuliza nimefanya nini tena. Nikamwambia nitamweleza, kisha nikaingia ndani nikaanza kutafuta mfuko wa safari.